Fundi wa Meza na Gemu ya Mwisho

“Uligusa?”

Swali lenyewe lilikuwa neno moja. Aliyeniuliza alikuwa amesimama upande wa pili wa meza ya pool, mikono nyuma kama mwalimu wa zamu, katika ukumbi uliojaa watu mjini Kitui, Jumamosi alasiri. Waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza ili wasikie jibu langu. Mimi ni mtu wa maneno. Chuo kikuu nilisomea falsafa, na niliporudi nyumbani Tawa nilikuja na sifa moja tu, ya kubishana na kila mtu: mchungaji kuhusu safina ya Nuhu, shangazi yangu kuhusu dawa za mifugo alizouza katika agroveti yake, chifu kuhusu chochote alichosema. Kwa neno hilo moja sikupata sauti. Nilitikisa kichwa kukataa.

Aliyeniuliza tulimwita Fundi. Alikuwa na jina, bila shaka, lakini sikuwahi kulisikia likitumika, na mimi niliyeuliza kila kitu sikumuuliza hilo. Alitengeneza meza za pool. Kutoka Kasikeu hadi Kambu, na ng'ambo ya mto mpaka Kitui na Mwingi, kila klabu iliyokuwa na meza ilikuwa na namba yake ya simu, imeandikwa ukutani kwa makaa au kwa kalamu ya chaki. Alikuja kwa pikipiki kuukuu, robota la kitambaa cha kijani limefungwa nyuma kama mgonjwa anayepelekwa zahanati, na pima maji yake imeviringishwa ndani ya taulo.

Nilipenda kumtazama akifanya kazi, na sipendi kutazama watu wakifanya kazi. Kwanza alifukuza kila mtu. Kisha aling'oa kitambaa cha zamani, pini moja moja, akizitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Meza ikibaki uchi, jiwe lake la kijivu liko wazi, alilipitishia kiganja chote polepole, kuanzia kona hadi kona, kama mtu anayetafuta homa kwenye mgongo wa mtoto. Palipokuwa na ufa aliziba kwa nta ya mshumaa. Kitambaa kipya alikivuta huku akiimba pambio kwa sauti ya chini, kila mstari mvuto mmoja. Mwisho aliweka vipande vya mbao chini ya miguu ya meza, akausukuma mpira mweupe taratibu mno, akainama kuusikiliza. Alisema mpira unaoteremka una mlio wa mtu mwenye haraka.

“Meza haina shida,” aliniambia siku ya kwanza. “Shida ni sakafu. Watu wa huku wanamwaga simiti kama uji.”

Klabu iliyokuwa jirani na agroveti ya shangazi ilikuwa na meza moja, na mimi nilikuwa nikiicheza mchana, wakati wateja wa dawa za kupe ni wachache. Nilimwambia kona ya karibu na dirisha inavuta.

“Nani amekuambia?”

“Mpira.”

Alicheka, akaiangalia kona hiyo, akaongeza kipande kingine cha ubao. Kisha akaniambia nije Alhamisi, timu inafanya mazoezi. Nikauliza kwa nini mimi. Fundi hakuwa na ustadi wa kusifia.

“Sikudanganyi, mwaitu. Ligi inataka kila timu iwe na mwanamke mmoja. Sisi hatuna. Kila wiki tunapoteza gemu moja bure. Ukiwa unajua kucheza, hiyo ni faida juu.”

Mwaitu ni “mama yangu” kwa Kikamba. Aliwaita hivyo wasichana na wanawake wote, hata watoto wa chekechea, na kwa namna aliyolitamka ilikuwa vigumu kumjibu vibaya. Nilijaribu.

Jambo lililomfanya ajulikane katika ligi yetu lilikuwa la ajabu, na kwa muda mrefu lilinikera. Kabla ya kila mechi, meza ikiwa ya kwetu, Fundi aliwaita wageni waizunguke, akawaonyesha kasoro zake zote. “Wageni, sikilizeni. Kona ya mlango inakula. Ukipiga polepole ukutani huku, mpira utarudi kushoto kidogo. Shimo la kati hili ni jembamba, usililazimishe.” Alisema bila haraka, kama anayewaonyesha wageni choo kilipo.

Mechi moja timu kutoka Kambu ilitushinda kwa sababu ya maelezo hayo. Walitumia kona ya mlango mara tatu. Mchezaji wetu bora alikuwa Mutinda, mwendesha boda boda mwenye mwili wa mlango wa stoo, na siku hiyo alishindwa kuvumilia.

“Fundi, kwani wewe uko timu gani?”

“Yenu.”

“Sasa mbona unawapea siri ya nyumba?”

“Kasoro si siri. Wao wamekuja kucheza na wewe, Mutinda. Hawajakuja kucheza na sakafu.”

“Mimi ningependa wacheze na sakafu. Sakafu inacheza vizuri kuliko mimi.”

Hata watu wa Kambu walicheka. Mimi sikucheka. Nilimfuata Fundi nje nikamuuliza maswali yangu. Je, wao wanatuambia kasoro za meza zao? Hapana. Je, kuna kanuni inayomlazimisha? Hapana. Basi huo si uadilifu, nikamwambia, huo ni kutaka kuonekana. Alikuwa akifunga taulo lake.

“Inawezekana,” alisema. “Lakini meza nimeitengeneza mimi.”

Nilimwona mtu asiyejua kujieleza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mtu asiyejua kujieleza nilimhesabu kuwa hana la kueleza.

Alikuwa na mambo mengine yasiyolingana. Alikuwa shemasi katika kanisa la kilokole lililokuwa juu ya soko, kanisa ambalo mchungaji wake aliiweka pool katika fungu moja na uchawi na sketi fupi. Fundi aliingia klabu kwa mlango wa nyuma, ule wa jikoni, na alikunywa chai yake mwenyewe kutoka kwenye chupa ya chai aliyobeba. Mchungaji alipomuuliza kazi yake, alisema yeye ni fundi wa samani. Nilipolisikia hilo nilifurahi kuliko inavyostahili.

“Kwa hiyo unadanganya,” nikamwambia.

“Meza si samani?”

“Fundi.”

“Haya. Kidogo.” Akajipaka chaki kwenye kidole, akaitazama. “Ile ya kanisa namalizana na Mungu mwenyewe. Yeye amewahi kuingia baa, mchungaji hajawahi.”

Nilikitunza kisa hicho. Mtu anayetilia shaka kila kitu hukusanya vitu kama hivyo, kama wengine wanavyokusanya vifuniko vya soda.

Tena alikuwa na kinyongo. Katika klabu moja huko Kasikeu mtu aliweka glasi yenye maji juu ya kitambaa kilichokuwa na siku mbili. Fundi aliichukua ile glasi, akammwagia mwenyewe maji hayo miguuni, akaondoka katikati ya mechi, na kwa misimu miwili hakumsalimia, hata walipokutana msibani wakiwa wamebeba jeneza moja. Alikuwa mbele kushoto, yule mtu mbele kulia. “Nilimwachia Mungu,” alisema, “lakini kumsalimia hapana.”

Kutufundisha alitufundisha mambo machache. Hakujali sana namna ya kushika fimbo. Alijali kile mtu anachofanya kabla ya kupiga. Alisema karibu mechi zote za ligi hupotea mtu akiwa bado amesimama wima. Mutinda, kwa mfano, akibakiwa na mpira mmoja alianza kuongea. Alimtania mpinzani, akamtania mwenye klabu, akaitania fimbo, na kisha akakosa mpira ambao mtoto angeuingiza kwa ufagio. Fundi alimwagiza ashike kipande cha chaki mdomoni. Kwa wiki mbili Mutinda alicheza mdomo ukiwa wa buluu kama mtu aliyekula kalamu, na hakukosa.

Mimi tatizo langu lilikuwa jingine. Mimi nilifikiri. Niliinama, nikaona njia, kisha nikaona njia nyingine, nikasimama, nikainama tena, na mkono ukaanza kutetemeka.

“Wewe unauuliza mpira maswali mengi,” alisema. “Uulize moja. Unaingia wapi? Ukijibiwa, piga.”

Ilifanya kazi. Ni aibu kukiri kwamba miaka minne ya chuo haikunituliza mkono na sentensi ile ilinituliza. Msimu wa pili nilishinda gemu nyingi za wanawake katika ligi. Msimu huohuo Fundi mwenyewe hakucheza hata mara moja, na kwenye kazi zake Mutinda ndiye aliyembeba kwa boda boda. Alibaki kapteni, akisema kapteni mzuri anakaa na vijana wanacheza. Tulifika fainali.

Lazima nieleze fainali ilivyokuwa na uzito, kwa sababu kwa mtu wa nje ni meza na mipira. Timu itakayoshinda ingekwenda Mombasa kuwakilisha upande wetu kwenye mashindano ya kitaifa ya wachezaji wa ridhaa. Mutinda alikuwa na miaka thelathini na saba na hakuwahi kuiona bahari. Alishanunua kaptura. Mimi nilikuwa na shahada inayokula vumbi katika agroveti, na nilitaka kushinda kitu chochote, mbele ya watu, ili mama aache kusema “bado anatafuta” kila anapoulizwa kunihusu.

Upande wa pili walikuwa watu wa Mwingi. Mwanamke wao aliitwa Halima, binti wa mfanyabiashara wa mbuzi ambaye ukoo wake ulitoka kaskazini. Alicheza na mtandio umebanwa kwa pini mbili na nguo ya mikono mirefu iliyobanwa kwa lastiki kwenye vifundo, kila kitu mahali pake. Aliongea Kikamba kizuri kuliko changu. Tulikuwa tumekutana mara mbili, kila mmoja ameshinda moja, na tulipoonana asubuhi ya fainali alinisalimia kwa utani.

“Msomi. Umekuja na digrii au umekuja na fimbo?”

“Zote.”

“Digrii haiingii kwa shimo, mpenzi. Tulishajaribu.”

Ligi yetu haikuwa na marefa. Ilikuwa desturi kwamba gemu moja inaamuliwa na kapteni wa timu hii, inayofuata na kapteni wa ile. Ilipofika gemu ya mwisho, timu ziko sawa na zamu ya kucheza ni ya wanawake, watayarishaji walitaka kutafuta mtu wa kati. Kapteni wa Mwingi alikataa. Alikuwa mzee mwenye kofia ya barakashia, mchache wa maneno.

“Wekeni Fundi.”

“Fundi ni kapteni wa Tawa,” wakamwambia.

“Najua. Asubuhi ametuonyesha kona mbaya za hii meza kabla hajawaonyesha watu wake. Wekeni yeye.”

Fundi alisitasita. Nakumbuka vizuri, kwa sababu nilishangaa. Alisema afadhali mtu mwingine, akasema amechoka. Watu wakapiga makofi, wakaliimba jina lake la kazi, na mtu akamsukuma mgongoni kwa upendo. Akaenda kusimama kwenye kichwa cha meza, mikono nyuma.

Jezi zetu zilikuwa zimeshonwa kwa kipimo kimoja, cha mtu kama Mutinda. Mikono ya ile niliyovaa ilinifika chini ya kiwiko na kuning'inia. Nilikuwa nimebakiwa na nyekundu moja, kisha mpira mweusi wa kumalizia gemu. Halima alikuwa na njano mbili, zote karibu na mashimo, zinasubiri tu apate nafasi. Nyekundu yangu ilikuwa mbali, na ili kuifikia ilibidi nijinyooshe juu ya njano moja. Nilijiuliza lile swali moja. Nilijibiwa. Nikapiga, nyekundu ikaingia, na nilipokuwa nikijiinua mkono wa jezi uligusa ile njano.

Nilihisi. Sitaki mtu aseme labda sikuhisi. Ilikuwa kama nzi anapotua kwenye nywele, lakini nilihisi, na nikaona njano imesogea upana wa ukucha.

Kugusa mpira kwa nguo ni faulo. Na desturi yetu, ambayo ni ya ligi maskini zisizo na kamera wala marefa, ni kwamba aliyegusa husema mwenyewe. Unainua mkono, unasema “nimegusa,” unampisha mwenzako. Nilikuwa nimeona Mutinda akifanya hivyo, nilikuwa nimeona mlevi wa Kambu akifanya hivyo. Ningesema, Halima angepata mipigo miwili, na angemaliza. Hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu.

Sikuinua mkono.

“Amegusa,” Halima alisema. “Nguo yake imegusa njano yangu.”

Kelele zikaanza. Watu wetu wakasema hapana, watu wao wakasema ndiyo. Fundi aliinua kiganja, ukumbi ukatulia. Hakumtazama Halima wala meza. Aligeuza uso upande wangu, akaniuliza, nami nikatikisa kichwa. Alisubiri. Akauliza tena, taratibu zaidi, “Mwaitu, uligusa?” Nikasema, “La.” Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

“Hakugusa,” Fundi akasema.

Halima alinitazama. Nilidhani atabishana, na nilikuwa tayari kubishana, maana hiyo ndiyo kazi ninayoiweza. Alirudi nyuma hatua moja.

“Kama ni Fundi amesema, basi,” akasema.

Nikaingiza mweusi. Mutinda alinibeba begani.

Video ilitoka Jumatatu. Mtu alikuwa amesimama juu ya benchi akirekodi kwa simu. Ilionyesha kila kitu: jezi, njano, ukucha mmoja wa mwendo, na Fundi ng'ambo, uso umeelekea hapohapo, macho wazi. Ilizunguka katika magrupu ya simu ya ligi, kisha ya Tawa, kisha ya kanisa. Kanuni zilisema uamuzi wa refa ni wa mwisho, kwa hiyo kombe lilibaki letu. Lakini watu hawakuwa na haja na kombe. Mimi nilikuwa msichana aliyetaka kushinda, na wasichana wanaotaka kushinda wako wengi. Waliyemtaka ni yeye. Mtu ambaye kwa miaka aliwaonyesha wageni kona mbaya, kumbe siku ya kombe anaona na kunyamaza.

“Hakugusa” likawa neno la mtaani. Mtu akikutwa na kuku wa jirani aliambiwa, “Hakugusa.” Mwanafunzi akinakili, “Hakugusa.” Walitengeneza picha ya uso wa Fundi yenye neno hilo chini yake, na watu wakaitumia walipotaka kusema mwenzao anadanganya. Niliipokea mara nyingi. Mara moja, katika grupu la marafiki wa chuo wasiomjua, niliituma mimi.

Kanisani alivuliwa ushemasi. Walisema wanamvua kwa sababu ya kuonekana kwenye pool, lakini wote walijua ni sababu zote mbili. Kazi nayo ikapungua. Anayekuwekea meza sawa lazima umwamini, kwa sababu wewe huoni anachofanya chini ya kitambaa, na mwenye klabu mmoja alisema wazi mbele yangu, akinunua chumvi ya ng'ombe, kwamba sasa hajui ile meza yake iliwekwa sawa au iliwekewa timu ya Tawa. Nilimpimia chumvi yake.

Fundi hakujitetea. Alipoulizwa alijibu, “Nilikuwa refa, nimeamua.” Hakuongeza kwamba aliniuliza mara mbili. Mutinda alimfuata mpaka nyumbani akamwomba aseme chochote, aseme alikuwa ameangalia pembeni, aseme jua lilimpiga. Alikataa. Aliacha ukapteni kwa ujumbe mfupi. Mombasa tulikwenda bila yeye na kutolewa siku ya kwanza. Mutinda aliiona bahari. Aliingia mpaka magotini na kaptura yake mpya, akatoka, akasema ina chumvi sana.

Nilikuwa na maelezo, na nayaandika hapa kwa sababu ndiyo yanayonichoma zaidi ya ule ukucha. Niliamini Fundi aliona. Kila mtu aliamini, na mimi niliamini kwa furaha. Aliona, nikajiambia, na akaniuliza ili aoshe mikono. Nikimpa uongo, yeye anautangaza tu. Kumbuka yule mchungaji, kumbuka fundi wa samani. Basi tulikuwa wawili. Tena yeye alikuwa mbaya zaidi, maana mimi sikuwahi kujifanya mtakatifu. Nilipata kazi mjini Kitui, katika shirika linaloshughulikia maji, na huko, wakati wa chakula cha mchana, nilikuwa nikisimulia kisa cha shemasi mmoja aliyemlinda mchezaji wake ili apate kombe. Nilikisimulia vizuri. Watu walicheka, na mwishoni nilisema jambo kuhusu maadili na bei. Katika kisa changu mchezaji hakuwa na uso.

Miaka minne ilipita hivyo. Kilichonirudisha kwake hakikuwa dhamiri. Nilitumwa kukagua kisima karibu na Kasikeu, na msimamizi wa kisima akanionyesha nyumba ya bati kwenye mteremko, akasema hapo ndipo alipohamia yule mzee wa Hakugusa. Alisema akicheka. Niliona kwamba ningeweza kucheka naye na kwenda zangu.

Fundi alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, akipukuchua mbaazi ndani ya ungo. Alikuwa amekonda. Nilipobisha hodi aliinua kichwa, akatazama kushoto kwangu kidogo.

“Nani?”

Nilisema jina langu. Vidole vyake vilisimama, kisha vikaendelea na mbaazi.

“Mwaitu. Keti. Mama watoto yuko shambani. Macho yamekwisha, kama unavyoona. Uzee.”

Niliketi. Nilichukua ganda moja la mbaazi, kisha jingine, kwa sababu mikono ilikuwa haina kazi. Aliuliza kuhusu kisima. Aliuliza Mutinda anaendeleaje, kama bado anacheza na mdomo wazi. Aliuliza kama mkono wangu umetulia. Nilimjibu yote. Kisha nikasema, bila kupanga, kwamba siku ya fainali niligusa.

Aliendelea kupukuchua.

“Nilikuuliza,” alisema.

“Najua.”

“Mara mbili.”

“Najua, Fundi.”

“Haya. Sasa umejibu.”

Nilitaka anitukane. Nilimwambia hivyo, au kitu cha namna hiyo. Nilimwambia angeweza kusema kwamba nilimdanganya, watu wangenigeukia mimi, angebaki na kazi yake. Alitikisa ungo, maganda yakapanda juu, akayapuliza.

“Ningesema nini? Kwamba mtoto ameniambia hapana, nami nikasema hapana? Refa ni mimi.” Akaokota ganda jingine. “Halima ulimwambia?”

“Bado.”

“Anza na yeye. Mimi ni mzee, yeye ndiye alikuwa na njano mbili.”

Nilienda Mwingi wiki iliyofuata. Halima alikuwa na duka la vitambaa na mtoto mgongoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema alijua tangu siku ile, kwamba hakuwa akisubiri niungame, na kwamba kama sina kitambaa cha kununua ana wateja. Sikustahili zaidi ya hapo, na nilitoka nikiwa na mita tatu za kitambaa nisichokihitaji.

Kwa Fundi niliendelea kwenda. Mkewe, ambaye alinipikia chai mara zote bila kunitazama sana, alisema wanawe wako mbali na mzee anaogopa hospitali peke yake. Kwa hiyo mwezi wa tatu wa ziara hizo nilimpeleka kliniki ya macho, huko Wote, kwa gari la kazi ambalo sikuwa na ruhusa nalo. Nesi aliomba kadi za zamani. Mkewe alikuwa amenikabidhi mfuko wa karatasi uliofungwa kwa mpira, na Fundi alipokuwa ndani akipimwa nilikaa kwenye benchi la korido nikizipanga kwa tarehe, kama nesi alivyoagiza.

Ya kwanza kabisa ilikuwa daftari dogo lenye jalada la kijani. Mwandiko wa daktari ulikuwa unasomeka. Jicho la kulia: haoni kabisa. Jicho la kushoto: anahesabu vidole kwa umbali wa hatua moja, si zaidi. Chini yake, kwa mwandiko mwingine, mtu alikuwa ameandika kwamba mgonjwa anaomba habari hii asielezwe mtu yeyote, kwa sababu ya kazi yake. Nililinganisha tarehe mara tatu. Ilikuwa miezi saba kabla ya fainali.